Maswali ya wasomaji: Hausi na ghala la Chicago

Katika toleo lililopita tuliandika sentensi moja tu, kwamba amapiano inayopigwa siku hizi kwenye harusi za Tabora na Kigoma ni mjukuu wa hausi, muziki wa kucheza uliozaliwa Chicago, Marekani. Sentensi hiyo imetuletea jumbe nyingi kuliko habari yenyewe. Tumechagua chache, na tumejibu kwa urefu pale swali lilipotaka urefu.

Hili jina "hausi" limetoka wapi? Hapa kijiweni tunabishana tangu Jumapili. Mmoja anasema ni kwa sababu muziki huo ulikuwa unatengenezwa nyumbani, mwingine anasema ni jina la klabu.
*Msomaji, Ujiji*

Wa klabu amepatia. Mwaka 1977 Robert Williams alifungua ukumbi wa kucheza muziki katika jengo la ghorofa tatu, namba 206 South Jefferson Street, Chicago. Watu wakauita Warehouse, maana yake ghala. Kutoka New York akamleta DJ kijana, Frankie Knuckles, aliyekuwa na umri wa miaka 22. Wachezaji walikuwa zaidi weusi na Walatino, na wengi wao walikuwa wapenzi wa jinsia moja ambao hawakuwa na pahala pengi pa kucheza kwa amani. Hilo lisemwe wazi, kwa kuwa pasipo watu hao hausi isingekuwepo.

Vijana waliotoka ukumbini walikwenda kuulizia nyimbo walizozisikia kwenye duka la santuri la Importes Etc. Duka likaanza kuziwekea kibandiko kwamba hizi ndizo zinazopigwa Warehouse. Midomo ikalifupisha neno, ikabaki nusu ya mwisho, nayo ndiyo sisi tunaitamka hausi.

Kwa hiyo mwanzoni hausi haikuwa aina ya muziki. Ilikuwa ni chaguo la DJ mmoja: disko ya zamani, soul ya Philadelphia, nyimbo za Italia zisizojulikana na yeyote. Yale maelezo ya kutengenezea nyumbani yana ukweli wake, maana kuanzia 1984 vijana wa Chicago walirekodi vyumbani kwao, ila jina walilikuta.

Baba ana santuri za disko tangu enzi zake. Akinisikia napiga hausi anasema hiyo ni disko ileile, imevuliwa koti tu. Kuna tofauti kweli?
*Msomaji, Isevya, Tabora*

Mzee ana sikio, mpe salamu zetu. Mifupa ya hausi ni ya disko, na ilipotoka panajulikana: Philadelphia, kwa mpiga ngoma Earl Young. Mwaka 1973, katika wimbo "The Love I Lost" wa Harold Melvin & the Blue Notes, Young aliikanyaga ngoma ya mguu, ambayo maprodyuza wetu huiita kiki, kwenye kila pigo, la kwanza hadi la nne, bila kuruka hata moja. Kati ya pigo na pigo akafungua matoazi ya mguu yakatoa ule mlio wa "tsii". Mwombe mzee akuwekee santuri yoyote ya Salsoul, kampuni ya santuri za disko, kisha gonga meza kwa kidole: dum-tsii, dum-tsii, dum-tsii, dum-tsii. Huo ndio uti wa mgongo wa hausi yote.

Tofauti inaanza hapa. Wimbo wa disko ulikuwa na sehemu fupi ambapo waimbaji na vinanda hunyamaza, zikabaki ngoma na besi. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi ataielewa mara moja: ni kama sebene, pale mwimbaji anapomaliza maneno yake, magitaa yakachukua ukumbi na waliokaa wakasimama. Tabora Jazz wakiona watu wamenoga waliweza kuendelea, kwa kuwa wapigaji wako hai mbele ya wachezaji. Santuri haina uwezo huo. Sehemu hiyo ikiwa ya sekunde 20, ni sekunde 20 basi. Kazi ya DJ wa Chicago ikawa kuirefusha santuri kama bendi inavyorefusha sebene, na sisi tunashikilia kwamba hausi ilizaliwa hapo, kabla mashine yoyote haijaingia.

Jambo la pili ni njaa ya nyimbo. Tarehe 12 Julai 1979 mtangazaji wa redio Steve Dahl aliwaita mashabiki wa roki kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, Chicago. Aliyekuja na santuri ya disko alilipa kiingilio cha senti 98. Santuri zikalipuliwa kati ya mechi mbili, watu wakavamia uwanja, na mechi ya pili haikuchezwa. Kijana mweusi aliyekuwa kazini siku hiyo akiwaonyesha watu viti vyao, Vince Lawrence, ameeleza kwamba nyingi ya santuri zilizoletwa hazikuwa hata za disko. Zilikuwa tu za wanamuziki weusi. Lishike jina lake, tutakutana naye chini.

Baada ya hapo makampuni makubwa yalipunguza sana disko. DJ aliyezoea mzigo mpya kila wiki akabaki na za zamani, akaanza kutafuta kwingine. Akaikuta Ulaya: kundi la Kraftwerk la Ujerumani, "Dirty Talk" ya Klein & M.B.O. kutoka Italia (1982), na juu ya zote "I Feel Love" ya Donna Summer ya mwaka 1977, ambayo Giorgio Moroder aliijenga karibu yote kwa sintesaiza, kinanda cha kuunda sauti kwa umeme, ya Moog. Weka sauti ya kanisani ya disko ya Marekani juu ya besi ya mashine ya Wazungu hao, na mzee wako atakubali kwamba koti limevuliwa na jingine limevaliwa.

Nina mashine ya kurekodi ya meza, ile ya tepu za magurudumu mawili, bado inazunguka. Nasikia Frankie Knuckles na wenzake walikuwa wanakata tepu kwa wembe. Walifanyaje hasa, na mimi naweza?
*Fundi redio, Mwanga, Kigoma*

Unaweza, fundi, na ukifanya mara moja tu utaielewa hausi kuliko kusoma kurasa mia.

Anza na hesabu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una pigo moja kila nusu sekunde. Mapigo manne, ambayo hapa tutayaita mzunguko, ni sekunde 2. Mashine za studio zilivuta tepu kwa kasi ya sentimita 38 kwa sekunde, hivyo pigo moja lilikuwa sentimita 19 za tepu na mzunguko mmoja sentimita 76. Muda unakuwa kitu cha kupimwa kwa rula! Mashine yako ya nyumbani pengine ina kasi ya 19 na ya 9.5. Tumia 19, mzunguko wako utakuwa sentimita 38.

Kabla ya wembe, kagua. Mashine nyingi za nyumbani hurekodi kwenda na kurudi kwenye tepu hiyohiyo, kwa hiyo ukikata wimbo wa upande huu umekata na wa upande ule. Usiguse tepu yenye kumbukumbu za watu. Tepu iliyokaa miaka mingi kwenye unyevu wa ziwani nayo ina hatari yake: gundi inayoshikilia unga wa sumaku hulainika. Ukisikia tepu inalia kama mlango mkavu na vichwa vinapata uchafu wa kahawia, simamisha, safisha vichwa kwa pamba na spiriti safi, na tepu hiyo usiilazimishe.

Sasa kazi. Rekodi ile sehemu ya ngoma kutoka kwenye santuri mara nne, moja baada ya nyingine. Rudi kwenye ya kwanza, simamisha karibu na mwanzo wake, acha tepu iguse kichwa cha kusomea bila mashine kuvuta, kisha zungusha magurudumu kwa mikono miwili, mbele, nyuma, mbele. Kiki haitasikika kama kiki tena. Itakuwa mguno mzito, "wuuu". Tafuta pale mguno unapoanza kabisa, usiende katikati yake. Weka alama kwa penseli ya nta mgongoni mwa tepu, mbele ya kichwa cha kusomea. Alama ya pili iweke pale kiki inayofuata mwisho wa sehemu yako inapoanza. Pima. Sehemu ya mizunguko minne lazima ikupe sentimita 152 au karibu sana na hapo. Ukipata kama 142, umekosea pigo zima, rudi ukasikilize.

Kata kwa wembe mpya, mshazari wa nyuzi 45, ili sauti ipokezane polepole badala ya kukatika ghafla. Kutanisha ncha kwa ncha, zisipandane wala kuachana, kisha bandika kiungio upande wa mgongo, ule usio na unga. Hapa ndipo wengi huharibu kwa kutumia selotepu ya dukani. Gundi yake huchuruzika pembeni, na baada ya wiki chache safu za tepu hugandana. Tafuta utepe maalumu wa kuungia. Wembe ukiwa na sumaku kila kiungo kitatoa "tik", basi usiuweke karibu na spika.

Kuhusu usahihi: kosa la sentimita 1 kwenye kasi yako ni milisekunde 53. Mchezaji hatajua kilichotokea, ila mguu wake utajikwaa. Kwenye kasi ya 38 kosa hilohilo ni milisekunde 26, na ndiyo maana wa studio walikubali kumaliza tepu haraka. Sehemu zako nne za mizunguko minne ukizifuatanisha zitakupa sekunde 32 za ngoma tupu ambazo kwenye santuri zilikuwa 8. Sebene imepatikana.

Katika habari hii yote ya Wamarekani, Afrika inaingia wapi? Au tunajipendekeza tu?
*Mwalimu, Kasulu*

Hatujipendekezi, Mwalimu, na ushahidi una tarehe. Mwaka 1972 Cameroon ilikuwa mwenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika. Mpiga saksafoni Manu Dibango akarekodi wimbo wa kuishangilia timu ya taifa, na upande wa pili wa santuri, ule wa kujazia, akaweka "Soul Makossa". Huko New York kulikuwa na David Mancuso, ambaye tangu 1970 alikuwa akiwaalika watu kucheza nyumbani kwake, mahali palipoitwa the Loft. Akaiokota santuri hiyo katika duka la Wakaribi huko Brooklyn na kuipiga. Nakala zikagombaniwa, wanamuziki wengine wakakimbilia kuurekodi upya, na mwaka 1973 Dibango mwenyewe akafika namba 35 kwenye chati ya Billboard. Wimbo wa ziada wa Mwafrika ukawa mmoja wa misingi ya disko.

Frankie Knuckles na rafiki yake Larry Levan, aliyekuja kuwa DJ wa klabu ya Paradise Garage ya New York, walikuwa vijana waliohudhuria the Loft. Huko walisikia pia ngoma za Babatunde Olatunji wa Nigeria, kutoka albamu yake ya 1960, "Drums of Passion". Jinsi ya kuacha ngoma peke yake zibebe ukumbi walijifunza miguuni kabla ya kuifanya kwa mikono.

Kwa nyinyi wa Kigoma kuna uzi mwingine unaotufurahisha zaidi. Kabla ya "Soul Makossa", mwanzoni mwa miaka ya 1960, Dibango alipiga na African Jazz ya Joseph Kabasele kule Léopoldville, Kinshasa ya leo. Rumba iliyovuka Ziwa Tanganyika ikaingia kwenye redio za Ujiji, na saksafoni iliyotikisa New York, zimekaa kwenye bendi moja.

Muziki ulirudi pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 vijana wa vitongoji vya Afrika Kusini walizipiga santuri za hausi kwa kasi ya chini, wakaimba juu yake kwa lugha zao, ikawa kwaito. Kutoka kwenye ukoo huo ikaja amapiano, yenye mapigo kama 110 hadi 115 kwa dakika. Singeli ya Dar es Salaam haimo. Hiyo ina baba yake mwingine, mchiriku, na anayewaambia ni hausi iliyoharakishwa anawapotosha.

Wimbo wa kwanza wa hausi ni upi?
*Msomaji, Kanyenye, Tabora*

Santuri inayotajwa zaidi ni "On and On" ya Jesse Saunders, ya mwaka 1984. Aliyeshirikiana naye kuutunga ni Vince Lawrence, yule kijana wa viti kule uwanjani. Miaka mitano baada ya kutazama muziki wa watu wake ukilipuliwa, akasaidia kuchapa santuri ya kwanza ya muziki uliofuata. Tunasema "santuri" kwa makusudi, kwa sababu kulikuwa na nyimbo zilizopigwa ukumbini kutoka kwenye tepu kabla hazijachapwa. "Your Love" ya Jamie Principle ni mojawapo. Na tukiulizwa ni upi wa kwanza kuonyesha kwamba muziki huu una moyo, tutataja "Can You Feel It" ya Larry Heard, 1986. Hauna maneno mengi wala haraka, na besi yake inatembea kama mtu asiyedaiwa.

Natengeneza biti kwenye kompyuta. Nataka ile hausi ya zamani kabisa, ya mashine. Nikisikiliza kwenye simu ni nzuri, nikipeleka ukumbini inanguruma tu, haina mguu. Nakosea wapi?
*Prodyuza, Nzega*

Mdogo wetu, umekosea mahali pawili, na simu ni mahali pa pili. Tuanze na gridi, yaani mpangilio wa mapigo.

Mashine za wakati ule zilikuwa na vitufe 16 kwa mzunguko mmoja. Weka kasi 120. Kiki iwe kwenye 1, 5, 9 na 13. Makofi kwenye 5 na 13. Toazi la wazi kwenye 3, 7, 11 na 15, kama alivyopiga Earl Young. Toazi lililofungwa jaza vilivyobaki, kwa sauti ya chini, na hakikisha linalikatisha lile la wazi, maana kwenye ngoma halisi matoazi ya mguu hayawezi kuwa wazi na kufungwa kwa wakati mmoja. Hadi hapo biti ni sahihi lakini imekauka. Tafuta kwenye programu yako kitufe cha kuyumbisha mdundo, kiwe kwenye asilimia 50, kisha kipandishe hadi 56 au 58. Kwenye kasi ya 120 kila hatua ina milisekunde 125. Kwa asilimia 58 hatua za namba shufwa zinachelewa kwa milisekunde 20. Ni kidogo mno kuhesabika, lakini bega litaanza kucheza. Ukizidisha 62, inageuka kuwa farasi anayechechemea.

Kuhusu sauti zenyewe: kampuni ya vyombo vya muziki ya Roland ilitoa mashine ya ngoma TR-808 mwaka 1980. Kila mlio wake hutengenezwa na umeme ndani ya saketi, na kiki yake ni ndefu na laini. TR-909 ilitoka 1983. Kiki yake ni fupi na ngumu, na matoazi yake ni rekodi za matoazi halisi. Knuckles alipata 909 yake kwa Derrick May wa Detroit, na aliitumia ukumbini kwa sababu ya kivitendo: wapiga ngoma wa disko ni binadamu, wimbo ukianza na 118 unaweza kumalizia 121. Ukiipitisha kiki ya mashine chini yake, ngoma zinasimama wima, na kutoka wimbo mmoja kwenda mwingine hakuna shimo.

Besi ya kuguna na kulia ni ya TB-303, mashine ya besi. Roland waliitoa 1981 kwa ajili ya wapiga gitaa wasio na mpiga besi. Haikufanana na besi, ikakosa soko, na 1984 wakaacha kuiunda. Ikauzwa bei ya kutupa, vijana wa Chicago wakaimudu. Kundi la Phuture liliacha noti zijirudie, likawa linazungusha vitufe viwili tu: kimoja kinafungua na kuziba ung'avu wa sauti, kingine kinaongeza ule mlio wa kubana kama wa puani. DJ Ron Hardy aliipiga tepu yao mara nne usiku mmoja kwenye ukumbi wa Music Box. Mara ya kwanza watu waliondoka katikati, mara ya nne walipagawa. Ilichapwa 1987 kwa jina la "Acid Tracks". Kwenye kompyuta yako fanya hivyohivyo: usiongeze noti, zungusha vitufe.

Kama hujui piano, usiogope. Marshall Jefferson alitengeneza "Move Your Body" mwaka 1986 kwa kuipiga piano polepole kwenye sikwensa, mashine inayokumbuka noti na kuzirudia, kisha akaiongeza kasi.

Sasa simu. Uzito wa kiki uko karibu na hezi 50 au 60, na spika ya simu haifiki huko. Wewe husikii kiki, unasikia ule mgoto wa juu yake tu, kwa hiyo unaongeza besi, unaongeza tena, hadi simu iridhike. Ukumbini spika kubwa zinatoa yote uliyoongeza, na kuta zinarudisha. Chukua wimbo mmoja wa zamani unaoujua, uweke kwenye programu hiyohiyo, ushushe hadi ulingane na wako kwa sikio, kisha linganisha kiki kwa kiki. Noti ya besi isianze pamoja na kiki. Isogeze hatua moja au mbili mbele, kama magitaa mawili ya rumba yanavyopishana. Na kilele cha wimbo mzima kiache desibeli 6 chini ya sifuri. Mwenye spika ataongeza mwenyewe.

Mimi ni DJ wa harusi na kipaimara. Nikitoka kwenye amapiano kwenda hausi ya miaka ya 1980 watu wanasimama kama umeme umekatika. Nifanyeje?
*DJ, Tabora mjini*

Pima kasi kabla ya shughuli, usiitegemee kompyuta peke yake, maana kwa nyimbo zilizopigwa na watu huwa inakosea. Hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 30, wimbo ni 120.

Amapiano ya 112 kwenda hausi ya 120 ni ongezeko la asilimia 7.1. Kisukumio cha kasi cha mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, ambacho programu nyingi zimekiiga, kina mwisho wa asilimia 8 juu na 8 chini, kwa hiyo inafika. Lakini kila asilimia 6 inapandisha sauti kwa karibu nusu toni, na mwimbaji anakuwa kama mtoto. Programu ina kitufe cha kubadili kasi bila kubadili sauti. Kiwashe, ila kwa zaidi ya asilimia 5 toazi huanza kusikika kama limetiwa maji. Njia bora ni kugawana: wakati wa nyimbo tatu za mwisho za amapiano panda 113, 114, 116, kisha ingiza hausi ikiwa imeshushwa hadi 116. Hakuna atakayejua. Singeli ya 240 nayo inakaa juu ya hausi ya 120 bila kuvutwa, mapigo mawili kwa moja.

Kinachowasimamisha watu mara nyingi ni mahali pa kuingilia, wala si kasi. Nyimbo hizi hujengwa kwa mizunguko minane, yaani sekunde 16 kwenye kasi ya 120. Ukiingia kwenye mzunguko wa tatu au wa sita, mapigo yatalingana lakini ngoma zitafunguka wakati wimbo wa kwanza bado unaimba. Hesabu minane, ingiza kwenye pigo la kwanza, na wimbo unaoingia uwe umezimwa besi kabisa. Besi mbili kwa pamoja hunguruma na kulana. Mizunguko minane ikiisha, kwa pigo moja, zima besi ya unaotoka na ufungue ya unaoingia, mikono miwili kwa wakati mmoja.

Na anza na wimbo wenye piano au sauti ya mtu. Usiwape watu wa harusi mlio wa 303 saa mbili usiku. Hiyo ifikapo saa nane, wakishavua viatu.